Sambaza za kivumbasi: pakiti nitanunua tena, chupa hapana

Friji yangu niliishaigeuza kabati. Ndani mna sahani, chumvi na daftari la madeni ya wateja. Umeme wa mtaa wetu hapa Ibanda, mjini Bukavu, ukifika saa saba za usiku unaondoka kabla jogoo hajawika, sasa samaki atapoa saa ngapi? Napika chakula cha mchana, bugali na sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa wa Ziwa Kivu, kwa hiyo kila asubuhi nashuka ziwani kuwangoja wavuvi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu. Shida ni siku za mbalamwezi. Sambaza huvutwa na taa, na mwezi ukiwaka taa haiwadanganyi. Wavuvi wanarudi na vikapu vitupu, wateja wangu wanakula maharage na kununa.

Ndiyo sababu jirani aliponiambia kuna kibanda upande wa Nyawera kinachouza sambaza kavu “zilizotiwa majani”, nilipanda siku hiyo hiyo.

Muuzaji ni msichana mchangamfu, mikono inanuka kivumbasi hata kabla hajafungua mfuko. Ana vitu viwili tu: pakiti ya sambaza kavu, franka 5,000, na chupa ya sambaza ndani ya mafuta na vitunguu saumu, franka 9,000. Nilimwuliza anafanyaje, naye hakuficha. Anatwanga majani mabichi ya kivumbasi, anayaloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi huku sufuria imefunikwa. “Harufu ikitoka, mama, na nguvu imetoka.” Yakipoa anaingiza sambaza, kisha anazianika juu ya chanja, si chini kwenye turubai kama wengi wanavyofanya. Hilo la chanja peke yake lilinifanya nitoe pesa.

Kivumbasi hatukukijua jana. Bibi yangu alikuwa akikitundika mlangoni kufukuza mbu. Na kinachonichekesha ni kwamba jani ndilo mwenyeji hapa, samaki ndiye mgeni: sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

Nyumbani nilimimina pakiti kwenye kopo, na pembeni nikaweka kopo la sambaza kavu za kawaida kutoka soko la Kadutu. Kijana wangu anayesoma kilimo akaniangalia. “Maman, hapo hujapima kitu. Hizi zina chumvi, zile hazina. Utajuaje kama ni jani?” Alisema kweli, ingawa kwa mdomo ule ule anaodaia pesa za usafiri. Basi nikaandaa kopo la tatu: sambaza zangu mwenyewe, chumvi nyingi, jua la kutosha, bila jani.

Zilikuwa wiki za mvua, na unyevu ulikuwa unaingia hata kwenye kiberiti. Kopo la Kadutu liliingia wadudu katika wiki ya pili, wale weusi wanaoacha unga chini. Kopo langu la chumvi halikuoza, lakini wiki ya tano lilikuwa na rangi ya njano na harufu ya mafuta yaliyochacha, unajua ile inayokwaruza koo. Sambaza ana mafuta mengi. Kopo la kivumbasi nilikula wiki ya saba likiwa bado zuri. Kwa hiyo nasema hivi: chumvi na jua vimebeba mzigo, kivumbasi kimesukuma kutoka nyuma. Mtu asije akadhani atatupa majani juu ya samaki mbichi halafu akalale.

Kijana anaeleza kwamba mafuta ya kivumbasi, kulingana na mahali kilipoota, huwa na thimoli au eujenoli, ile iliyomo pia kwenye karafuu. Vitu hivyo vinatoboa ngozi ya bakteria, vya ndani vikavuja. Tena vinachelewesha mafuta ya samaki kuchacha. Ila mafuta yale yale ya samaki yanaizuia dawa isifanye kazi vizuri, ndiyo maana kiasi kinachoua vijidudu ndani ya chupa ya maabara hakitoshi kwenye chakula. Ukiongeza, ladha inaharibika.

Na ladha hapa iko ukingoni. Mara ya kwanza nilipika bila kuosha vizuri, nikaweka nyanya, kitunguu na mawese. Papa mmoja, mteja wa tangu zamani, alionja akaniita: “Mama, leo umetupikia dawa ya meno?” Watu walicheka mpaka barabarani. Sasa naziloweka kwenye maji ya uvuguvugu, namwaga mara mbili, harufu inabaki kwa mbali na wengine wameanza kuiulizia.

Chupa sasa. Hapa sitacheka. Sambaza, vitunguu saumu vibichi na majani, vyote vimezama kwenye mafuta, hamna ndimu, hamna siki, na chupa inakaa juani kibandani. Chini ya mafuta hakuna hewa, na kuna bakteria anayependa hasa mahali pa namna hiyo, anayetoa sumu ya kupooza mwili. Sumu hiyo haina harufu wala haibadilishi ladha, na kivumbasi si kinga ya kutegemea. Nilimwambia msichana taratibu, wateja wengine wasisikie. Akanijibu, “Lakini mama, hakuna aliyerudi kulalamika.” Nikamwambia atie siki ya kutosha au aiache kabisa. Chupa yangu niliifukia, franka 9,000 zikaenda na udongo.

Kingine: pakiti haina tarehe. Aliniambia inakaa miezi sita. Mimi nimeona wiki saba, siwezi kumsaidia kuapa.

Jumamosi nilirudi kuchukua pakiti nne, maana mwezi unakaribia kujaa. Alikuwa ameandika tarehe kwa kalamu kwenye kila moja. Chupa zilikuwa bado pale, ila zimehamishiwa kivulini.