Testa ya balbu kwa taa za nje za gari la zamani: inachofichua na inachoshindwa

Gari la zamani likianza kusumbua taa za nje, wengi hukimbilia mita ya dijitali. Kwa kazi hii tungeanza na testa ya balbu: mpini wa plastiki unaopitisha mwanga, sindano ya chuma mbele, balbu ndogo ya filamenti ya volti 12 ndani yake, na waya unaoishia kwenye kibanio chenye meno. Ni rahisi kununua, haina betri ya kuisha, na kwenye taa inasema ukweli ambao mita peke yake huuficha.

Siri yake ni mzigo. Mita ikipima volti haivuti umeme wa maana. Chukua soketi iliyoliwa na kutu hadi ikawa na ukinzani (kizuizi cha umeme) wa ohm 50. Mita itaonyesha volti 12 kamili, na utabaki unashangaa kwa nini balbu ya breki ya wati 21, inayotaka karibu ampea 1.75, imelala giza. Testa yenye balbu ya wati 3 inavuta takriban robo ampea, kwa hiyo kwenye soketi hiyo hiyo itafifia sana. Umeshajua kwamba umeme unakuja lakini njia ni mbovu.

Ndiyo maana testa za LED, zinazouzwa siku hizi kama toleo bora, hatuzipendekezi ziwe za kwanza. LED inavuta miliampea chache tu, hivyo inawaka vizuri hata kwenye muungano uliooza. Faida yake ni nyingine: nyingi huonyesha chanya na hasi kwa rangi tofauti, na haziulemei umeme mdogo wa kompyuta ya gari. Kwa balbu za breki na indiketa, filamenti inashinda.

Unaponunua, angalia kama balbu ya ndani inabadilishika na kama springi ya kibanio inashika kwa nguvu. Udhaifu wa karibu testa zote ni waya mfupi. Kutoka kwenye betri hadi taa za nyuma haufiki, na mtu hujikuta akibana kibanio kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, nayo imepakwa rangi au ina kutu. Ongeza waya wa mita 5 hivi. Sehemu nyingine inayokufa mapema ni kiungo cha waya na kibanio, hukatika ndani bila kuonekana nje. Kwa hiyo kabla ya kila kipimo gusa kwanza nguzo mbili za betri; isipowaka hapo, usiamini jibu lolote.

Matumizi yanaanza kabla ya testa yenyewe. Toa balbu na uitazame: filamenti iliyokatika au kioo cheusi kinatosha kuwa jibu. Hakikisha pia ni aina sahihi. P21W ina filamenti moja na pini zake mbili ziko urefu sawa. P21/5W ina filamenti mbili na pini zimepishana. Kwenye holda iliyochoka, balbu isiyo yake huingia kwa kulazimishwa, na taa hufanya mambo ya ajabu. Kisha nenda kwenye fyuzi. Bana kibanio kwenye hasi, washa taa, na uguse vile vitundu viwili vilivyo mgongoni mwa fyuzi. Vyote vikiwasha testa, fyuzi ni nzima. Kimoja tu, imekatika. Hakuna hata kimoja, umeme haufiki kwenye fyuzi, na unarudi nyuma kwenye swichi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme).

Umeme ukifika kwenye soketi na balbu nzima bado haiwaki, mkosaji ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi kupitia bodi. Hapa ndipo magari ya zamani yanapochosha watu, maana balbu nzima hubadilishwa bure. Ishara yake inajulikana: unakanyaga breki, na indiketa au taa ndogo upande huo inawaka kwa kufifia. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukajipitisha kwenye filamenti ya jirani. Hamisha kibanio kwenye chanya ya betri na uguse sehemu ya athi ya holda kwa sindano. Testa iwake kwa nguvu ile ile iliyoonyesha kwenye nguzo za betri. Ikififia, fuata waya wa athi hadi unapofungwa kwenye bodi, fungua skrubu, kwangua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza tena, kisha paka grisi ya kuzuia unyevu juu yake.

Taa zote za breki zikifa kwa pamoja na fyuzi ni nzima, pima swichi iliyo juu ya pedali. Waya mmoja uwe na umeme wakati wote. Wa pili uupate ukikanyaga tu.

Kwa fyuzi inayoungua kila ikiwekwa, testa ina kazi ambayo watu wachache wanaitumia. Toa fyuzi, toa na balbu zote za mstari huo (zikibaki zitaipa testa njia na kukupotosha), washa swichi, kisha unganisha testa kwenye matundu mawili ya fyuzi. Ikiwaka, kuna shoti. Mtu mmoja aitazame huku mwingine akitikisa waya kwenye bawaba za buti, kwenye matundu ya bodi yaliyopoteza raba na kwenye maungio ya tela. Pale inapozimika ndipo waya umechubuka.

Mahali testa inaposhindwa ni kwenye taa inayowaka lakini hafifu. Ukinzani wa nusu ohm hauonekani kwa robo ampea, ila balbu ya taa kubwa ya wati 55 inauhisi sana: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Hapo chukua mita. Taa ikiwa imewaka, weka ncha moja kwenye athi ya balbu na nyingine kwenye hasi ya betri. Chini ya volti 0.2 ni sawa, ikizidi 0.5 safisha athi. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi soketi.

Usichomeke sindano kwenye waya kupitia ganda lake. Tundu hilo huingiza maji na shaba huota kutu ya kijani. Pima kwa nyuma ya plagi. Na testa ya filamenti isiguse kamwe waya za mifuko ya hewa, ambazo plagi zake kwa kawaida ni za njano, wala waya za kompyuta ya injini. Kwenye mifuko ya hewa, umeme unaopita kwenye testa unaweza kuilipua.