Kitabu cha kliniki, kwa wenye mapacha

Kitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ni kile unachopewa ukianza kliniki ya ujauzito, halafu unatembea nacho mpaka mtoto afikishe miaka mitano. Mimi nauza mitumba ya watoto hapa Kibuye, Kisumu. Nimekitumia kwa kifungua mimba wangu, aliyezaliwa peke yake na kilo 3.3, na sasa nakitumia kwa mapacha, Apiyo na Odongo. Kwa kaka yao nilikipa nyota tano bila kufikiri. Kwa mapacha nakipa nne.

Uzuri wake uko kwenye chati ya uzito. Sista anamvisha mtoto ile kaptura ya mizani, anamning'iniza, anangoja mshale utulie, kisha anatia nukta ya biro pale umri na kilo zinapokutana. Ukiziunganisha nukta unaiona safari yote ya mtoto. Wasichana wana ukurasa wao na wavulana wao, kwa hivyo mwenye pacha wa kike na wa kiume awe macho, maana foleni ikiwa ndefu nukta ya huyu inaweza kuangukia kwa mwenzake. Mimi nimeandika majina kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila jalada.

Nyota ya tano imepotelea kwenye mistari ya chati hiyo hiyo. Mistari ni ya Shirika la Afya Duniani, ilitolewa mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto wanaonyonya, mama zao hawavuti sigara, waliozaliwa siku zimetimia, tena mmoja mmoja. Mapacha hawakuwemo. Na mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37, wengi wao chini ya kilo 2.5, kwa sababu tumbo ni moja na nafasi na chakula ni vya kugawana, hasa miezi ya mwisho.

Wangu walikuja wiki ya 36, Apiyo na kilo 2.4, Odongo na 2.1. Odongo alipofikisha miezi sita alikuwa na kilo 6.2. Tuliingia zahanati moja ya kibinafsi kwa ajili ya mafua tu, mhudumu akafungua kitabu, akaona nukta iko chini ya mstari wa hatari, ambao kwa mvulana wa umri huo unapita kwenye kilo 6.4. Akaniuliza mbele ya watu kama namnyonyesha msichana kumzidi mvulana! Nikachukua kitabu changu nikaondoka.

Sista wa kliniki yetu ya kawaida alitoa penseli. Akarudi nyuma wiki nne, zile ambazo mtoto alizikosa tumboni, akatia nukta kwenye miezi mitano. Hapo mstari unapita kwenye kilo 6.0, na Odongo yuko juu yake. Mwembamba, lakini kila mwezi anapanda, na sista alisema hilo ndilo analolitazama kwanza. Wiki hizo huondolewa mpaka miaka miwili, na ndani ya miaka hiyo ndipo mapacha wengi hukaribia wenzao waliozaliwa peke yao. Tangu siku ile sina haja ya kumweka Odongo bega kwa bega na dada yake, sembuse mtoto wa jirani.

Kwenye hatua za ukuaji sikupata presha. Kutembea peke yake kuna nafasi pana, kuanzia miezi minane hadi karibu kumi na minane, na wote wawili waliingia humo humo, Apiyo akitangulia.

Maneno ndiyo yaliyochelewa. Mapacha kwa kawaida hubaki nyuma miezi michache katika kusema, na si kwa sababu ya kuzaliwa mapema tu. Mama mkwe anasema ulimi wao ni mzito. Mimi naona jambo jingine: nikimfunga Apiyo nepi, macho na maneno yangu yako kwa Odongo aliyeshika chupa ya mafuta, kwa hivyo hakuna anayezungumziwa sawasawa. Halafu wanaelewana mno. Odongo akinyoosha kidole kwenye jagi na kusema "mm", Apiyo keshaleta kikombe. Aseme "maji" kwa nini? Siku hizi jioni baba yao anatoka na mmoja hadi dukani, mimi nabaki na mwenzake tukichambua omena na kupiga domo.

Ukurasa wa chanjo haufuati hesabu ya penseli. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua miezi 9 na 18, zote huhesabiwa tangu siku waliyozaliwa, hata kama ni wadogo. Na beba vitabu vyote viwili, kwa sababu ukisahau kimoja sista atakuandikia kwenye kikaratasi, na kikaratasi nyumbani kwa mapacha hakifiki jioni.