Mbegu ya mahindi "inayostahimili ukame": nyota nne, na ya tano inasubiri pakiti

Kwa wanaouliza kama mbegu chotara za mahindi zenye maandishi "hustahimili ukame" ni za kweli au ni maneno ya kuuzia tu: ni za kweli. Nimeipanda misimu kadhaa kando ya mbegu ya kawaida ya kampuni hiyohiyo, shamba moja, tarehe moja, mbolea ileile, na tofauti nimeiona kwa macho. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya pakiti, siyo kwa sababu ya mbegu.

Nianze na jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Mbegu hii haina ujanja wowote wakati wa kuota. Mvua ya kwanza ikidondoka kidogo kisha ikakatika, miche yake inanyauka sawa na ya mbegu nyingine yoyote. Nimewasikia wakulima wakiilaani kwa hilo na nimewaelewa kabisa, maana wamesoma neno "ukame" kwenye pakiti na ukame ndio uliowamaliza. Ila ukame wa miche si ukame ambao mbegu hii ilichaguliwa kuupambania. Nguvu yake iko kwenye kipindi kimoja kifupi, nacho ni cha kuchanua.

Mavuno ya mahindi huamuliwa hapo. Mbelewele, ua dume, iko juu kabisa ya mmea. Ndevu, ambazo ni sehemu ya ua jike, hutoka kwenye hindi lililobebwa katikati ya bua, na kila uzi wa ndevu umeunganishwa na punje moja tu. Uzi usiopata chavua, yaani unga wa ua dume, punje yake haipo. Maji yakitosha, ndevu huchomoza ndani ya siku moja hadi tatu tangu mbelewele ianze kumwaga chavua. Maji yakipungua, mbelewele hutoka karibu kwa wakati wake lakini hindi hunyimwa chakula, ndevu hukua taratibu, na pengo hilo laweza kufika wiki nzima au zaidi. Zikija kutoka, chavua imekwisha.

Katika msimu mmoja ambao mvua ilitukimbia wakati huohuo, nilimenya hindi changa la mbegu ya kawaida. Ndevu zilikuwa zimelala ndani ya maganda, fupi, nyeupe, huku juu yake mbelewele imeshakauka, ukiitikisa haitoi hata vumbi. Kwenye mistari ya mbegu ya ukame ndevu zilikuwa nje, zinanata kidoleni, na chavua ya manjano imezishika. Lakini majani ya pande zote mbili yalikuwa yamejikunja vilevile mchana ule! Anayepita njiani na kutazama majani asingejua ipi ni ipi. Ndiyo maana nawaambia watu wasiihukumu mbegu hii kwa ukijani, wafunue maganda.

Wakati wa kuvuna, magunzi ya mbegu ya kawaida yalikuwa na punje mojamoja zilizotawanyika, mengine hayakuwa na kitu kabisa. Ya mbegu ya ukame yalikuwa mafupi na nchani wazi, lakini katikati yamejaa mistari kamili. Hayakuwa mavuno ya mwaka wa mvua nzuri, na asidanganyike mtu. Ukame unaipunguza mbegu hii pia. Tofauti ni kwamba kilichobaki kilistahili kupukuchuliwa.

Wapo wanaoiogopa wakidhani imetiwa kitu cha ajabu maabara. Mahindi ya ukame yaliyobadilishwa jeni yapo, lakini aina nyingi zinazoitwa hivi zimepatikana kwa kuchagua na kuzalisha kwa njia ya kawaida. Katika miaka ya 1970, watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Mexico, walichukua mahindi ya jamii ya Tuxpeño, ya kienyeji hukohuko, wakayapanda msimu wa kiangazi kwa kumwagilia, kisha wakafunga maji karibu na kuchanua. Mimea ambayo ndevu zake hazikuachwa mbali na mbelewele ndiyo waliyoiendeleza, kizazi baada ya kizazi. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyoendelezwa baadaye na CIMMYT na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, kwenye mradi wa mahindi ya ukame uliofanyika katika nchi 13 za Afrika. Na ikajitokeza faida ambayo mimi naipenda kuliko zote: mimea iliyochaguliwa hivyo hufanya vizuri zaidi hata kwenye udongo wenye nitrojeni kidogo, kwa sababu njaa ya mbolea nayo huchelewesha ndevu. Mkulima wa ardhi iliyochoka ananufaika hata mwaka ambao mvua haikukatika.

Sasa lawama. Pakiti inachanganya mambo mawili tofauti chini ya neno moja. Kuna mbegu inayokwepa ukame kwa kukomaa mapema, labda siku 90, ikamaliza shughuli zake kabla maji ya ardhini hayajaisha. Na kuna hii inayokutana na ukame uso kwa uso ikabeba. Ile ya mapema ni nzuri pale mvua inapokatika mwishoni, lakini mvua ikinyesha msimu mzima itazidiwa na aina za muda mrefu, kwa kuwa imefunga hesabu mapema. Pakiti mbili nilizoshika dukani ziliandikwa maneno yaleyale, picha ileile ya hindi nene, na hakuna iliyosema ni ya kundi gani. Idadi ya siku za kukomaa ilikuwa imechapwa kwa herufi za kutafuta kwa jua. Hilo linaniudhi, maana taarifa wanayo. Wameamua tu kutoiweka wazi.

Jingine ambalo pakiti ingepaswa kulisema wazi: hii ni chotara, yaani imetokana na kuchanganya wazazi wa aina tofauti. Ukirudisha shambani punje ulizovuna, kizazi cha pili hakiko sawa, nguvu inashuka, na mimea inatofautiana urefu na muda wa kuchanua. Anayetaka kujiwekea mbegu aulizie aina zilizochavushwa huria, yaani zinazochavushana zenyewe shambani na mbegu yake hurudiwa kupandwa, zenye sifa hiyohiyo, zipo, na achague magunzi ya katikati ya shamba mbali na mahindi ya wengine.

Nimeulizwa pia kama inashinda mtama. Haishindi, na haikutengenezwa kushinda. Mtama una nta juu ya majani na bua inayozuia maji kupotea, mizizi yake inakwenda chini sana, na ukiishiwa maji unaweza kusimama ukasubiri, mvua ikirudi ukaendelea. Hindi likishapitwa na wakati wa kuchavushwa halina nafasi ya pili. Baadhi ya aina za mtama hubaki na majani ya kijani mpaka punje zijae hata udongo ukiwa umekauka, na bua halianguki. Uwele unakwenda mbali zaidi: huchipua machipukizi mengi, shina kuu likipigwa na ukame mengine huchanua baadaye. Mahindi yanataka kama milimita 500 za mvua au zaidi kwa msimu. Uwele hutoa mavuno hata mvua ikiwa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Mahali ambapo mvua haifiki kiwango hicho miaka mingi, usinunue mbegu hii. Nunua mtama au uwele, pesa yako itakuwa salama zaidi.

Kwa shamba ambalo mvua yake kwa kawaida inatosha lakini ina tabia ya kukatika katikati, hii ndiyo mbegu, na mimi nitairudia. Kampuni zinazouza, nawaomba mistari miwili tu mgongoni mwa pakiti: siku ngapi hadi mbelewele kutoka, na inakwepa ukame au inaustahimili. Siku hizo nikizijua, naweza kupanga tarehe ya kupanda ili kuchanua kusiangukie pale mvua inapozoea kukatika.