Darubini ya 8x42 kando ya mto: angalia namba ya pili

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo sijakaa mezani kama mlivyonizoea. Niko nje, kwenye hifadhi kubwa ya kando ya mto, huku pembezoni mwa jiji, na sasa ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Jua bado. Hiyo sauti ya maji mnayoisikia ndiyo mto wenyewe, uko hatua kama thelathini kutoka hapa niliposimama, na katikati yetu ni matete matupu.

Nimekuja na darubini mbili shingoni. Hii kubwa imeandikwa 8x42. Hii ndogo, inayoingia mfukoni, imeandikwa 12x25. Sitaji kampuni, maana ninachotaka tukielewe leo ni hizo namba, na namba hizo utazikuta kwenye darubini yoyote utakayoshika. Wengi mnaniuliza, "Ipi inavuta zaidi?" Nawaomba tuliweke hilo swali pembeni kidogo, hasa kama unakokwenda ni mahali kama hapa.

Namba ya kwanza ndiyo kuvuta kwenyewe. Nane maana yake ndege aliye mita 80 unamwona kana kwamba yuko mita 10. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Sasa chukua ya pili, igawe kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata 5.25. 25 kwa 12 unapata 2 na kidogo. Jibu hilo ndilo upana wa mwanga unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni. Ishike mbali na uso, ielekeze kwenye anga, utauona ule mduara mweupe mdogo kwenye kila kioo. Huo ndio wenyewe.

Kwa nini nakazania hesabu hii alfajiri yote? Kwa sababu mchana wa jua, mboni ya jicho lako hujibana mpaka milimita 2 au 3. Hapo darubini zote mbili zinakutosheleza. Lakini saa hizi mboni imefunguka sana. Kijana kwenye giza inaweza kufika hata milimita 7. Jicho liko tayari kupokea, na hii ndogo bado inalipatia milimita 2 zilezile.

Twende kwa vitendo. Ng'ambo ile, chini ya mti ulioinama, kuna kitu cha kijivu. Naweka hii ndogo... naona kijiti. Kweli, ningeapa ni mti uliochomekwa kwenye tope. Naweka ya 8x42... ni korongo! Amekunja shingo, ana mstari mweusi unaopita juu ya jicho kwenda kisogoni, na jicho lenyewe ni la njano. Naona hata manyoya marefu ya kifuani yalivyolowa na kushikana. Hajatikisika tangu nifike. Ndogo inavuta mara 12 na nikaona kijiti, kubwa inavuta mara 8 na nikaona jicho la njano.

Na kuna jambo la mkono. Darubini inavuta ndege, na inavuta pia mtetemo wako. Nimetembea zaidi ya saa moja kwenye njia hii ya mbao, moyo unadunda, na kwenye mara 12 picha inarukaruka kiasi kwamba siwezi kuhesabu mistari ya bawa. Kwenye mara 8 inatulia. Ukitaka kuvuta zaidi ya mara 10 kwa mikono mitupu, tafuta pa kuegemea: ukingo wa daraja, shina la mti, hata magoti yako ukiwa umekaa.

Upana wa uwanja wa kuona nao msiudharau. Hii kubwa imeandikwa mita 130 kwa mita 1,000, yaani ukitazama umbali wa kilomita moja unaona eneo la upana wa mita 130. Kando ya mto hilo ni kila kitu, kwa sababu ndege wa hapa hawakai kukusubiri. Dakika chache zilizopita amepita mdiria, chini kabisa juu ya maji, mstari wa buluu tu, fyuu! Na ile ndogo nisingempata, ningebaki natafuta kwenye matete. Na hii nimemfuata mpaka akatua kwenye tawi kavu. Alikuwa na kisamaki mdomoni. Akakipiga kwenye tawi, kulia, kushoto, kulia, mpaka kikaacha kupapatika, kisha akakigeuza kwa ustadi ili kichwa kitangulie, akameza. Kikienda mkia mbele, mapezi na magamba yanaweza kumkwama kooni. Nimekaa nikitetemeka kwa furaha, siwafichi.

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hukosea hapa halafu hulaumu darubini. Macho yako mawili hayalingani. Kabla ya yote, fumba jicho la kulia, tazama kitu kisichosogea, mathalani kibao cha njia, zungusha gurudumu la katikati mpaka kiwe safi. Kisha fumba la kushoto, na usiguse gurudumu tena; zungusha pete iliyo kwenye kioo cha kulia mpaka kibao kiwe safi vilevile. Basi. Kuanzia hapo unatumia gurudumu la katikati tu. Na ukivaa miwani, shusha vile vikombe vya mpira vya machoni viwe chini kabisa, la sivyo utaona kama unachungulia kwenye bomba.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua darubini ya kuvuta mpaka mara 30, ya kubadilisha kiwango cha kuvuta kama kamera. Nusu saa, kichwa kinaniuma. Mirija yake miwili haikuwa imenyooka pamoja, kila jicho linaoneshwa mahali pake, na ubongo ulihangaika kuziunganisha picha mbili. Kwa hiyo ukijaribu darubini na macho yakavutika, irudishe. Usijiambie utazoea.

Maji. Hapa ukungu wa asubuhi umelowesha kila kitu, nimeshaifuta hii kubwa mara tatu kwa nje. Ndani ni kavu, kwa sababu imezibwa na kujazwa gesi ya nitrojeni isiyo na unyevu. Darubini isiyozibwa huvuta unyevu ndani, na ukiihifadhi hivyo, kuvu huota kwenye lenzi, na kuvu ikishaota kuiondoa ni kazi ya fundi. Kando ya mto hili kwangu si la hiari. Ila usifute haraka: udongo wa mtoni una chembe za mchanga. Puliza kwanza, ndipo upitishe kitambaa laini.

Kasoro za 8x42 zipo. Uzito ni gramu 700, na kufikia saa tatu shingo imeanza kulalamika. Mkanda wa mabegani unasaidia sana, nashauri uununue pamoja nayo. Pia si ya mfukoni, lazima uamue kuibeba. Kwa upande mwingine, inaona karibu mpaka mita 2, kwa hiyo kereng'ende aliyetua kwenye ukingo wa njia nimemwona mishipa ya bawa lake kama dirisha lenye nyavu.

Onyo moja, tafadhali. Jua sasa limepanda na liko juu ya mto. Usipitishe darubini karibu nalo hata kwa bahati mbaya. Linaharibu jicho moja kwa moja. Mpe jua mgongo.

Sasa ni saa tano, niko darajani. Kuna mtoto wa miaka kama sita aliyekuja na bibi yake, akaomba kuona. Nimempa ile kubwa. "Naona viduara viwili," akasema. Nimeibana mpaka mwisho, bado viwili. Uso wake ni mdogo, na vioo vya hii haviwezi kusogeleana kuliko hapo. Nikampa ndogo, ambayo hujikunja zaidi. Na jua ni kali, mboni imejibana, zile milimita 2 zinamtosha kabisa. Nimemwegemezea viwiko kwenye ukingo wa daraja ili isitetemeke.

Kimya. Kisha: "Bibi, yule mweusi amekaa kama shati kwenye kamba!"

Ni mnandi, ametoka kupiga mbizi na ametanua mabawa ayaanike. Darubini ndogo sijarudishiwa bado.