Kadi ya chanjo ya Mtasema: natoa nyota moja, na hiyo moja kwa shingo upande

Mbwa wangu anaitwa Mtasema. Naanza na jina kwa sababu ugomvi wote umetoka hapo.

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Ukae Makorora, tena mwanamke mjane, tena muuza chapati, halafu uanze kufuatwa na mbwa njia nzima, majirani watanyamaza? Basi nikaona niwarahisishie. Kila alfajiri nikitoka na beseni langu naita, "Mtasema! Mtasema we!" na mtaa mzima unasikia. Anayejijua anajijua.

Sikumnunua wala sikumwomba kwa mtu. Alikuja mwenyewe angali mdogo, akalala nyuma ya jiko langu, kulipokucha yupo. Tangu hapo saa kumi za alfajiri yeye mbele, mimi nyuma, mpaka kibandani. Akishanifikisha anavuka barabara, anakwenda kulala chini ya mwarobaini, maana wateja wangu wengine wanatoka kuswali na wana udhu wao. Hakuna aliyemfundisha. Na mimi ni Mwislamu, mambo ya najisi nayajua: bakuli lake liko mbali na vyombo vyangu, na udongo wa kuoshea mara saba uko ndooni, akinilamba nautumia. Sijaona ugumu wowote hapo. Wanaoona ugumu ni majirani.

Sasa kadi.

Nilimpeleka chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye kliniki moja ya mifugo hapa mjini, siitaji. Mezani yupo kijana na simu yake. Hakuniamkia. Mimi na mvi zangu nikaanza, "Hujambo mwanangu?" Akanijibu kwa nyusi.

"Jina la mbwa?"

"Mtasema."

Akainua kichwa. "Nitasema nini?"

"Hilo ndilo jina lake."

"Bi mkubwa, mimi nina kazi. Nimeuliza jina la mbwa."

Nikamwita mbwa mwenyewe pale pale. Akasimamisha masikio, mkia ukapiga sakafu. Ushahidi gani tena unautaka? Kijana akamgeukia mwenzake, "Eti koko naye ana jina," wakacheka, akaandika. Nimefika nje ndipo nikasoma. Jina: hana. Aina: koko. Rangi: kawaida.

Rangi kawaida! Mbwa ana rangi ya mchanga, kifua cheupe, sikio la kushoto limekatika ncha, wewe unaandika kawaida kama unaandika mafuta ya kula.

Kuna watakaosema mama huyu ana makuu, kadi ni karatasi tu. Hebu tufikiri pamoja. Kichaa cha mbwa dalili zikishamtokea mtu, hakuna dawa ya kumrudisha. Ndiyo maana ukiumwa unaambiwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali hapo hapo ukaanze sindano, na swali la kwanza watakalouliza ni kama mbwa amechanjwa. Siku mtoto wa jirani akisema kaumwa na Mtasema, na mdomo wa mtaa ninaujua, mimi nitatoa kadi ya nani? Ya mbwa Hana, rangi kawaida? Nusu ya mbwa wa Tanga ni rangi kawaida. Kadi ile ndiyo shahidi wake, na shahidi asiyemjua mtu wake hafai barazani.

Hata mbwa wa watu wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, Kurani imemtaja bila jina, lakini masheikh hawakuridhika wakampa: Kitmiri. Kijana wa mezani ndiye kaona mbwa hastahili jina.

Sindano yenyewe sikatai, ilichomwa vizuri. Nilimwona mwenzake akiitoa kwenye jokofu, kama nilivyokuwa nimeambiwa nihakikishe.

Niliambiwa na nani? Hapa ndipo nyota zinaponitatiza. Niliambiwa na daktari wa kliniki ile ile.

Maana siku ile ya chanjo ilikuwa mara yangu ya pili kwenda. Ya kwanza ilikuwa wiki kadhaa nyuma, kwenye zile mvua. Mtasema aliacha kula, halafu akaacha kunisindikiza, alfajiri ile nikaenda kibandani peke yangu na chapati zote zikaungua. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Bajaji mbili zilikataa kumpakia. Akatuchukua yule anayeniletea mkaa kwa guta, tukampanga juu ya gunia, watu wa Barabara ya 12 wote wanatutazama.

Daktari ni binti, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo mama. Mgonjwa wetu anaitwa nani?" Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaandika daftarini, herufi kubwa: MTASEMA. Kwa hiyo jina limo humo humo kliniki, kijana angefungua kurasa tu angeliona.

Akamfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama ngano. Kipimajoto kikasoma 40 na kitu, na akaniambia mbwa mzima hukaa 38 mpaka 39 hivi. Akamtoboa ncha ya sikio, ile iliyobaki nzima, akachukua tone la damu akalitazama kwenye hadubini. Homa ya kupe. Vijidudu vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, ndiyo ile rangi ya mkojo. Akamchoma sindano iliyomtoa udenda, akaniambia nisiogope, dawa hiyo ndivyo ilivyo. Chanjo akakataa kumpa siku ile, apone kwanza.

Halafu akanigeukia mimi. Nikaulizwa kupe nawatoaje. Nikasema kweli: nampaka oili chafu ya gereji. Alinyamaza kidogo. Kumbe mbwa anailamba ile oili, ni sumu, na ngozi inaungua. Kupe anashikwa kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, anavutwa moja kwa moja, hachomwi kwa kiberiti wala hapasuliwi kwa kucha. Na kupe wa mbwa hupanda ukutani, jike mmoja akishiba anashuka na kutaga mayai maelfu kwenye nyufa. Miezi yote napigana na waliomganda mbwa, kumbe jeshi liko kwenye udongo wa jiko langu.

Akauliza anakula nini. Ugali na mchuzi uliobaki. Mchuzi una vitunguu? Tangu lini mchuzi wa Tanga ukakosa vitunguu! Basi vitunguu navyo humharibu mbwa damu. Nilitamani ardhi ipasuke. Sasa anapikiwa ugali wake na dagaa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hapati, inavunjika vipande vikali tumboni.

Usiku wa tatu alikunywa maji. Alfajiri moja baadaye nikasikia kucha zake nyuma yangu, nyuma, si mbele, anajikongoja. Nilimsubiri kwenye kila kona.

Mtu akiniuliza kama nitarudi mwaka ujao chanjo ikiisha, nitarudi. Nimelipa hela ya ngano ya siku tatu na mbwa yu hai. Nyota moja niliyoandika juu ni ya hasira, iacheni lakini ongezeni mbili, na hizo mbili ni za yule binti, kijana asiziguse. Mlioitambua kliniki, nendeni asubuhi kabla ya saa tatu, wakati huo daktari yuko mwenyewe mezani.

Kadi nimeirekebisha kwa kalamu yangu. Nimekata "hana", nikaandika Mtasema. Kwenye rangi nilikosa nafasi, nikaandika pembeni, mpaka nyuma.