TOPIK II: cheti hiki cha Kikorea kinafungua mlango gani?

TOPIK ni mtihani wa Kikorea kwa wageni, ulioanza 1997, na unasimamiwa na NIIED, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Elimu ya Korea Kusini. TOPIK I hutoa daraja la 1 na la 2, na kwa mtu anayewaza chuo au ajira hayo ni madaraja ya kujipima tu. Penye manufaa ni TOPIK II, yaani daraja la 3 hadi la 6, na ndiyo inayopimwa hapa. Hukumu yangu ni hii: mtihani ni wa haki na umepangwa vizuri, ila ulipie pale tu unapojua cheti utakipeleka wapi. Muda wa cheti ni miaka 2 tangu matokeo yatangazwe. Aliyeufanya mapema mno hujikuta siku ya kuomba chuo ameshika karatasi iliyokwisha nguvu, na hana budi kukaa upya.

Mlango wa kwanza ni masomo. Ufadhili wa GKS, ambao ni udhamini wa serikali ya Korea, humlipia mwanafunzi mwaka mmoja wa lugha kwanza, na mwishoni mwake anatakiwa awe na daraja la 3 ndipo aanze shahada. Mwenye la 5 au la 6 huruka mwaka huo na huongezewa won 100,000 kwa mwezi. Vyuo vingi huomba daraja la 3 kuingia na la 4 kuhitimu. Hata saa za kibarua anazoruhusiwa mwanafunzi mgeni hutegemea daraja lake, na katika viza ya ukaazi ya F-2-7, inayotolewa kwa kuhesabu pointi, Kikorea ni sehemu ya hesabu hiyo.

Kazi za viwandani ni habari nyingine kabisa, na hapa watu hupoteza pesa. Viza ya E-9 hupitia EPS-TOPIK, mtihani tofauti wenye jina linalofanana, na ni kwa raia wa nchi zilizotiliana mkataba na Korea tu, zote za Asia. Cheti cha TOPIK II hakichukui nafasi yake. Yeyote anayekuuzia masomo ya TOPIK kwa ahadi ya kazi ya kiwandani, muulize kwanza nchi yako imo kwenye mkataba au haimo.

Sasa alama, kwa mtihani wa karatasi. Kusikiliza maswali 50 kwa dakika 60, kuandika maswali 4 kwa dakika 50, kusoma maswali 50 kwa dakika 70. Kila sehemu ina alama 100, jumla 300. Daraja la 3 huanzia 120, la 4 huanzia 150, la 5 huanzia 190, la 6 huanzia 230. Hakuna kiwango cha chini kwa kila sehemu, na jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo usiache duara la jibu hata moja wazi. Ukipata 75 kusikiliza na 75 kusoma, daraja la 4 ni lako hata ukiacha karatasi ya kuandika tupu. La 5 haliji kwa njia hiyo: ungehitaji 95 na 95. Ndiyo maana wengi hukwama kwenye la 4 miaka nenda rudi, wakiongeza misamiati ilhali alama zao zimelala kwenye sehemu ya kuandika ambayo hawaifanyii mazoezi.

Sehemu hiyo ina maswali namba 51 hadi 54. Swali la 51 na la 52 ni kujaza mapengo, alama 10 kila moja. La 53 ni maelezo ya herufi 200 hadi 300 kutokana na takwimu au mchoro, alama 30. La 54 ni insha ya herufi 600 hadi 700, alama 50. Makosa yanayokula alama ni yale yale kila mara. Swali la 51 mara nyingi ni tangazo au barua. Barua ikiwa imeandikwa kwa kimalizio cha -seumnida, jibu lako nalo limalizike hivyo. Ukifika 53 na 54 unageuza: hapo ni maandishi rasmi ya -da, na anayechanganya -yo ya mazungumzo ndani ya insha hupunguziwa alama hata kama hoja zake ni nzuri. Karatasi ni ya visanduku: aya huanza kwa kuacha kisanduku kimoja, koma huchukua kisanduku chake na hauachi kingine baada yake, tarakimu huingia mbili mbili. Asiyewahi kuandika kwenye karatasi ya namna hiyo hutumia dakika nyingi kuhesabu visanduku badala ya kufikiri. Gawa muda hivi: dakika 7 kwa 51 na 52, dakika 13 kwa 53, dakika 30 kwa 54. Kwenye 54, swali lenyewe hukupa vipengele vya kujibu. Geuza kila kipengele kiwe aya, usikiruke hata kimoja.

Kusikiliza kuna mtego mmoja: maswali 1 hadi 20 husikika mara moja tu, kuanzia 21 ndipo sauti hurudiwa. Soma majibu kabla sauti haijaanza.

Upungufu mkubwa wa TOPIK II ni kwamba haikupimi kuzungumza. Mtihani wa mazungumzo upo peke yake tangu 2022, na mwajiri makini atakupima kwa mdomo hata hivyo. Ofisini Kikorea kina heshima za aina mbili kwa pamoja. Chukua neno gasyeotseumnida, "amekwenda": ga ni kwenda, si ni heshima kwa anayetajwa, eot ni wakati uliopita, seumnida ni heshima kwa unayeongea naye. Mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea kupachika viambishi kwenye kitenzi, hulielewa umbo hilo upesi. Kinachomshinda ni kuamua lini kiambishi hicho cha si kiingie na lini kisiingie. Halafu kuna maneno kama 결재, idhini ya mkubwa, na 결제, malipo. Yanatamkwa sawa, na kuyachanganya kwenye barua pepe ya ofisi ni kumwambia meneja kitu kingine kabisa. Mtihani haukuandai kwa hayo. Matamshi pia yana kazi: dal ni mwezi, tal ni barakoa, ttal ni binti. Mwenye Kimvita, anayetofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, ana sikio la kuanzia.

Kuhusu ajira yenyewe, Kikorea peke yake hakitoshi. Viza ya kazi ya E-7 hutolewa kwa fani na sifa zake: mhandisi, mtaalamu wa programu, mtaalamu wa mauzo ya nje. Lugha humfanya mhandisi huyo achaguliwe mbele ya mwenzake. Haimgeuzi asiye na fani kuwa mwenye fani. Ukalimani na tafsiri vipo, lakini maandishi mepesi yamechukuliwa na mashine, na kinacholipa ni mikataba, mikutano na mazungumzo ya bei, ambako daraja la 6 ndiyo mwanzo.

Muda nao upange kwa ukweli. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Kikorea, na kama 900 kwa Kiswahili. Herufi za Hangul, konsonanti 14 na irabu 10 za msingi, utazijua ndani ya wiki. Zisikudanganye kuhusu safari iliyobaki.

Unapojisajili, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na hakikisha umechagua TOPIK II. Toleo la kompyuta linadai uchapaji wa Kikorea, konsonanti mkono wa kushoto, irabu wa kulia; kama vidole havijazoea, chagua la karatasi.