Uzoefu wangu na wotapruufu ya unga na kimiminika kwenye besimenti ya mteremko, Mbeya

Kwa ukuta naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa sakafu naipa 1, na hiyo nayo ni ya huruma. Ninazungumzia wotapruufu ya saruji, dawa ya kupaka ya kuzuia maji, inayouzwa kwa sehemu mbili, mfuko wa unga wa kijivu na galoni ya kimiminika cheupe kama maziwa. Madukani Mwanjelwa zipo chapa kadhaa na kazi yake ni moja, kwa hiyo sitaji jina. Imetumika kugeuza nafasi ya chini ya nyumba ya mteremko, upande wa Isanga, iwe chumba cha kulala, sebule ndogo na choo. Imeshapita mvua za Novemba hadi Aprili, na kipupwe cha Juni na Julai.

Anayeishi kwenye miteremko ya mlima Loleza anazijua nyumba hizi. Upande wa juu udongo umeegemea ukuta karibu hadi usawa wa dari, upande wa chini uko wazi, na katikati panawekwa mkaa, mbao na baiskeli mbovu. Mafundi watakwambia, “Bosi, piga wotapruufu, inatulia.” Haitulii kama hujajua maji yanatoka wapi.

Pima ukuta kwanza kwa nailoni. Kata kipande cha sm 45 kwa 45, kibandike ukutani kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha tundu, kiache usiku mzima, saa 16 au zaidi. Bandika vipande vitatu au vinne: kimoja nyuma chini, kimoja kwenye kona, kimoja sakafuni. Asubuhi, kama unyevu uko ndani ya nailoni, kati yake na ukuta, maji yanatoka kwenye udongo. Ukiwa juu ya nailoni, upande wa chumba, huo ni mvuke wa hewa ulioganda kwenye ukuta wa baridi, na hakuna dawa ya kupaka itakayoutibu. Fanya kipimo hiki wakati wa mvua. Cha Septemba kitakudanganya.

Jambo ambalo muuza duka hatakueleza ni mwelekeo wa msukumo. Dawa ikipakwa nje ya ukuta, maji yanaigandamiza kwenye tofali. Ikipakwa ndani, maji yanaisukuma itoke. Hii aina ya sehemu mbili inavumilia unyevu unaopenya polepole, lakini maji yaliyosimama nyuma ya ukuta wa mita mbili yataiinua malengelenge. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende nje.

Nje, anza na bati. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya mm 30 linamwaga lita 3,600, na karibu nusu yake huanguka nyuma ya nyumba, pale pale ulipo ukuta wenye shida. Gata na bomba la kushusha maji mpaka chini ya mteremko vinaweza kupunguza unyevu kuliko mifuko mitano ya dawa. Kisha mtaro wa zege juu ya nyumba wa kukata maji yanayoteremka, na kifusi cha nyuma kisawazishwe kiiname kuuacha ukuta.

Kama bado ukuta unatoka jasho la udongo, ndipo unachimba mfereji wa bomba. Bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yakiangalia chini, likae chini ya usawa wa sakafu ya ndani lakini lisishuke chini ya kitako cha msingi. Mwinamo sm 1 kwa kila mita. Lizungushie kokoto za robo tatu ya inchi, na kokoto zote zifungwe kwa kitambaa cha kuchuja, maana udongo wetu wa majivu ya volkano ni laini na utaziba matundu. Faida ya mteremko ni kwamba bomba linatokea upande wa chini lenyewe, bila pampu. Hatari yake ni kwamba mfereji wa kina cha mita mbili na zaidi kwenye udongo huo huporomoka ghafla. Chimba kiangazi, vipande vya mita 1.5, ukuta wa udongo ushikiliwe kwa mbao na mirunda, na kipande kimoja kifukiwe kabla ya kufungua kingine. Akitokea kibarua anasema mbao ni kupoteza muda, mlipe ya siku aende.

Upakaji wenyewe ni rahisi. Bandua rangi, jipsamu na plasta inayolia wazi ukiigonga, ufike kwenye kitu kigumu. Chumvi nyeupe isuguliwe kwa brashi ya waya ikiwa kavu, kwa sababu ukiiosha inaingia tena ndani. Nyufa zipanuliwe kina cha sm 2 na kuzibwa kwa mota ya 1:3, saruji moja kwa mchanga tatu. Pale ukuta unapokutana na sakafu, piga kona ya mota iliyoinama, sm 5 kwa 5. Dawa haipendi pembe kali, na mvujo mwingi hutokea hapo.

Lowesha ukuta mpaka uache kunywa maji, lakini usiwe unang'aa. Kimiminika kitangulie kwenye ndoo, unga ufuate kidogo kidogo huku drili ikikoroga polepole. Acha dakika 5, koroga tena, tumia ndani ya nusu saa. Ikianza kukaza usiongeze maji, mwaga. Mkono wa kwanza upake kwa kulaza brashi, unene wa mm 1, na kwenye kona zika wavu wa nyuzi ikiwa mbichi. Mkono wa pili kesho yake, kwa kusimamisha brashi, ili matundu madogo ya mkono wa kwanza yazibwe. Usipake Juni usiku. Kwa baridi ya Mbeya inachelewa kukaza, na ikikaribia nyuzi 5 haifai kabisa.

Hesabu kwa chumba cha mita 4 kwa 5, urefu 2.4: ukuta wa nyuma mita za mraba 12, na kuta mbili za pembeni, ambazo udongo umezifunika kwa umbo la pembetatu, takriban 4.8 kila mmoja. Jumla 21.6. Kwa mikono miwili nilipata kilo 3.5 kwa mita ya mraba, yaani kama kilo 76. Seti ya kilo 25 zinakuwa 3 na kidogo, kwa hiyo nunua 4. Tofali za kuchoma zenye sura mbaya zitakula zaidi, zipige plasta kwanza.

Nyota moja niliyokata kwenye ukuta ni ya misumari. Kila msumari wa pazia ni tundu jipya, na waya za umeme lazima zipite juu ya ukuta kwenye tranki, ile mifereji ya plastiki ya waya, badala ya kuchimbiwa. Juu ya dawa usipige jipsamu ya kusawazisha, weka ya saruji nyeupe.

Sakafu ni hadithi nyingine. Jamvi la zamani, yaani zege la sakafu, halina nailoni chini, na dawa iliyopakwa juu yake inachunika kwa kukanyagwa au kuinuka kwenye viungo. Vunja, anza upya: mawe sm 15, mchanga 5, nailoni nene ya geji 1000 inayopanda ukutani, zege 10, mota 3, vigae 1. Jumla sm 34, na hapo ndipo mipango mingi hufa, kwa kuwa ukitaka dari ibaki 2.4 lazima uchimbe. Usichimbe kando ya msingi wa mawe na kuuacha mtupu. Bakiza ngazi ya udongo kando yake, au mlete mhandisi asimamie kuushusha msingi kwa vipande. Tuko ndani ya Bonde la Ufa, ardhi hutikisika. Zege la sakafu hiyo ni mita za ujazo 2, karibu mifuko 13 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Kibali cha jiji kishughulikiwe kabla ya kubomoa.

Choo kinakupangia kila kitu. Bomba la inchi 4 linahitaji mwinamo wa 1 kwa 40, kwa hiyo shimo la choo likiwa umbali wa mita 12, bomba linashuka sm 30. Wengi shimo lao liko juu, barabarani, gari la kunyonya lifike. Hapo utahitaji shimo la pili chini, au pampu. Na kama mfuniko wa chemba ya maji taka uko juu kuliko sakafu yako mpya, siku bomba likiziba uchafu utatokea kwako, hivyo weka vali ya kuzuia kurudi.

Vyumba vya kulala viwe upande ulio wazi, madirisha angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu, mita za mraba 2 kwa chumba hiki, nusu yake ifunguke, na nondo za dirisha moja ziwe za kufunguka kutokea ndani. Choo na stoo zikae nyuma. Kipupwe, pumzi za wanaolala zitaganda kwenye ukuta wa nyuma hata kama dawa ni nzima, kwa hiyo kabati liachwe sm 10 kutoka ukutani na matundu ya hewa yasizibwe kwa matambara. Jiko la mkaa lisiingie humo hata kidogo, gesi yake haina harufu na chumba hiki hakina upenyo upande wa pili.

Ratiba niliyoiona inafaa: mfereji Julai na Agosti, sakafu Septemba, dawa Oktoba jua likiwa limerudi. Vigae vya ukutani na kabati za kujengea visubiri mvua za Desemba zipite, nailoni ibandikwe tena.